Matofali Yenye Kucha Tatu

"Shule yetu ilijengwa na Padri." Hivyo ndivyo inavyoanza historia ya shule ya kijiji chetu, na aliyeiandika ni ndugu yangu, tumbo moja, ziwa moja. Aliiandika katika daftari la shule, kwa mwandiko wake wa kialimu ambao watu waliusifu mpaka alipokufa. Baada ya mazishi mwalimu mkuu wa sasa aliniletea daftari hilo, kijana mwenye adabu, akaniomba niongeze chochote ninachokikumbuka, kwa kuwa katika wale waliokuwapo siku zile nimebaki peke yangu.

Nimelisoma mara mbili. Chokaa imo. Mabati yaliyotoka Kindu yamo. Baiskeli ya Padri imo, hata rangi yake. Mama yetu hayumo. Mahali pamoja tu wanawake wametajwa, na nitaandika maneno yenyewe ili mtu asidhani nasingizia maiti: "Wanawake wa kijiji waliyapamba matofali kwa alama za kienyeji." Waliyapamba. Nilipofika hapo nililiweka daftari chini, nikatembea nyumba nzima.

Watu husema asiyekuwapo na lake halipo. Lakini mama alikuwapo. Alikuwapo ndani ya matope hadi magotini, msimu mzima wa kiangazi. Ndugu yangu alijua, maana alikaa kivulini akimtazama.

Basi nitaandika mimi. Sikufundishwa kuandika katika shule hiyo, na hilo ndilo jambo lenyewe ninalotaka kulieleza. Herufi nilifundishwa na mume wangu, mfanyakazi wa reli pale Kindu, juu ya meza ya kulia, nikiwa tayari na watoto wawili. Asiyependa mwandiko wangu asisome.

Kijiji chetu kiko kando ya Lualaba, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Kindu, ukielekea Lokandu. Wakati huo wa Wabelgiji watu walilima mpunga wa kula na pamba ya serikali, na hakuna aliyeulizwa anapenda kipi. Sehemu moja ya kijiji tulikuwa Waislamu, wajukuu wa watu waliobaki tangu enzi za Waungwana, wale wafanyabiashara waliotoka pwani. Sehemu nyingine walikuwa Wakristo wapya. Tulioana, tukazikana, na mwezi wa Ramadhani majirani Wakristo walipika chakula chao mbali ili harufu isitusumbue. Baba yangu alilima mpunga na kuvusha watu kwa mtumbwi. Mama yangu alifinyanga vyungu.

Lazima nieleze habari ya vyungu, la sivyo hamtaelewa ujinga wetu. Wanawake hawakuchoma vyungu kila mmoja kwake, maana kuni ni kazi. Walingoja wawe sita au saba, wakavipanga vyungu vyote pamoja, wakavifunika kwa nyasi na magome, wakawasha moto mmoja. Ili wasigombane, kila mmoja alitia alama yake kwenye tako la chungu kikiwa bado kibichi. Mmoja alipitisha kijiti. Mwingine aligandamiza punje ya mpunga. Alama ya mama ilikuwa kucha tatu, zimechomekwa katika mstari mmoja. Moto ukizimika, kila mtu aligeuza vyungu, akatazama, akachukua vilivyo vyake. Tangu nizaliwe sikuona mwanamke akichukua chungu chenye alama ya mwenzake, hata kama chake kimepasuka na hicho ni kizuri. Kwetu alama ilimaliza maneno.

Padri alikuja na katekista wake wakati mavuno ya mpunga yamekwisha. Katekista alikuwa mtu wa kwetu, mtoto wa kijiji cha pili, amevaa viatu. Walikusanya watu mbele ya nyumba ya kapita, yule mtu aliyewekwa na serikali kutusimamia. Padri alisema shule itajengwa. Mabati na mbao zitatoka Kindu, mafundi watatoka Kindu, matofali yatatoka kwetu. Alisema Kiswahili chake kifupi, katekista akakirefusha. Kisha Padri akaenda kukaa ndani kwa kapita, anywe maji, jua lilimchoma.

Hapo ndipo wanawake wakauliza. Alianza bibi mmoja mfinyanzi, mkubwa wao, kwa Kiswahili chetu cha kusema njo mahali pa ndio.

"Watoto gani njo watasoma?"

"Watoto ya wale wanaotoa matofali," akasema katekista.

"Mutoto mumoja, matofali ngapi?"

Katekista alimtazama kapita. Kapita alikuwa anataka watu waondoke, akasema, "Mia tatu. Mutoto mumoja, matofali mia tatu. Mumesikia? Mwende."

Nilikuwa pale, nimeshika kikwembe alichojifunga mama. Nilikuwa na umri wa miaka saba hivi, meno ya mbele yametoka. Nilisikia kwa masikio yangu. Padri hakuwapo kusema ndiyo wala hapana, na mpaka leo sijui kama kuna mtu aliyemfikishia neno lile. Lakini kijiji kizima kilirudi nyumbani na ahadi hiyo, na kesho yake wanawake walikuwa mtoni wakichagua udongo.

Baba alichonga kibao cha kufyatulia. Mama alichimba shimo karibu na maji, akaukanyaga udongo kwa miguu tangu jua linachomoza. Mimi nilileta maji kwa kibuyu na kunyunyiza mchanga ndani ya kibao ili tofali lisigande. Ndugu yangu, mdogo wangu kwa mwaka mmoja, alikuwa mtoto wa homa. Bandama lilimvimba, tumbo lilimtangulia, hakuwa wa kubeba kitu. Alikaa chini ya kibanda cha majani, akafukuza mbuzi wasikanyage matofali.

Tofali la kwanza lilipotoka, mama alichomeka kucha zake tatu ubavuni. Hakuambiwa na mtu. Wengine wote walifanya vivyo hivyo, kila mwanamke alama yake, kwa sababu matofali yangechomwa katika tanuri moja, na kitu kinachochomwa pamoja hutiwa alama. Walidhani tofali ni chungu. Walidhani moto ukizimika, mtu atakuja ageuze, atazame, aseme: hili ni la nyumba fulani, mtoto wa fulani aingie. Hilo ndilo kosa letu, na ni kosa la watu wasiokuwa wezi.

Alipofika mia tatu za ndugu yangu, mama hakuacha. Aliendelea, na katika yale mapya alichomeka kucha tatu, kisha juu yake akagandamiza dole gumba. Baba aliyaona jioni alipotoka mtoni.

"Na hii ya dole njo ya nani?"

"Ya dada yake."

"Musichana naye atasoma?"

"Iko na kinywa, anakula. Iko na macho, atasoma."

Baba alicheka, akaenda kukata kuni za tanuri. Baba yangu hakuwa mtu wa kubishana na mwanamke aliye kazini. Mama alifyatua mia tatu zangu akiwa analima shamba lake vilevile, anapika vilevile, na vidole vyake vilipasuka hata akashindwa kutwanga sombe, yale majani ya muhogo. Nilimtwangia mimi. Usiku nililala nikijua kwamba mahali fulani, chini ya nyasi, kuna matofali mia tatu ambayo ni mimi.

Mafundi walikuja kutoka Kindu wakakuta matofali yamechomwa, mekundu, yamepangwa nyumba kwa nyumba kandokando ya uwanja. Walicheka. Mmoja aliuliza kama yameumwa na panya. Wakayachanganya yote. Wanawake walisimama wakatazama kucha zao na vijiti vyao na punje zao zikitupwa katika lundo moja, wakaanza kunong'ona, na bibi mfinyanzi alimwendea Padri mwenyewe, akamwonyesha alama, akamwonyesha watoto. Padri alimwuliza katekista bibi anasema nini. Katekista alijibu kwa Kifaransa, maneno mawili matatu, na Padri akatabasamu, akampigapiga bibi begani, akaenda zake. Nadhani hapo ndipo lilipozaliwa neno lile la mapambo. Sijui kama katekista aliogopa au alidharau. Siku nyingine nasema aliogopa. Leo nasema alidharau.

Ukuta ulipanda. Halafu ukapakwa chokaa, ndani na nje, ukawa mweupe, hakuna tena alama ya mtu yeyote.

Siku ya kufungua, mama alinivika kikwembe kilichofuliwa na kunipaka mafuta ya mawese usoni mpaka nikang'aa. Ndugu yangu alivishwa shati la baba lililokatwa. Watu walikaa chini uwanjani. Katekista, ambaye sasa alikuwa mwalimu, alisimama mlangoni na karatasi, akasoma. Yalikuwa majina ya ubatizo matupu. Wavulana waliobatizwa. Karatasi ilipokwisha, robo tatu ya watoto walikuwa bado wamekaa.

Mama alisimama, akanishika mkono mmoja na ndugu yangu mkono wa pili, akaenda mlangoni.

"Majina ya hawa hukusoma."

"Mama, hawa hawakubatizwa. Kijana abatizwe, ataingia."

"Na musichana?"

Mwalimu alinitazama kama mtu anayeonyeshwa kuku sokoni. "Musichana atasoma nini? Kupika iko na vitabu?"

Wanaume wengine walicheka. Mama hakucheka. Alisema, "Matofali yake iko mule ndani. Mia tatu. Kapita njo alisema."

Kapita alikuwa amekaa palepale kwenye kiti, mbele. Alijishughulisha na kiko chake.

Kwa ndugu yangu, basi, kulikuwa na mlango, ingawa mlango wenyewe ulikuwa mchungu. Baba alishinda mtoni siku mbili na mtumbwi wake. Alikuwa mtu wa kuswali, na babake alizikwa akielekezwa kibla. Siku ya tatu alisema, "Jina njo nguo. Avae aingie, akitoka atavua." Ndugu yangu akafundishwa sala, akamwagiwa maji, akapewa jina la mtakatifu wa Ulaya. Hakulivua. Tumemzika nalo mwaka huu, na msalaba juu. Simlaumu kwa hilo, mtoto hakuulizwa. Nataka tu ijulikane kwamba shule ilimchukua baba yangu mwana, kisha ikamwambia ashukuru.

Kwangu mimi hakukuwa hata na mlango mchungu. Hakuna kitu ambacho baba angeweza kutoa ili niingie. Niliwahi kusema nitabatizwa mimi pia, nikapigwa kofi na bibi yangu, na mwalimu aliposikia alicheka tena.

Lakini nisiseme uongo, shuleni niliingia. Niliingia kwa nyuma, shambani. Wanafunzi wote walilima pamba ya misioni, kila mmoja mstari wake, na asiyemaliza mstari alifukuzwa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, hakuna aliyeona ajabu. Ndugu yangu na bandama lake hakuweza hata robo ya mstari. Wiki ya kwanza alianguka. Mama akanipa jembe, akasema, "Mulimie, asifukuzwe." Mwalimu aliona, akanyamaza, maana mstari ulikuwa safi.

Nililima mstari wa ndugu yangu miaka minne, nikianza asubuhi kabla wenzake hawajatoka darasani. Nilipanda, nikapalilia, nikavuna, miiba ya maganda ya pamba ikanichana vidole, wakati yeye amekaa kwenye benchi akikariri. Padri alikuwa akipita na baiskeli, akisimama pembezoni mwa shamba, akisema "vizuri, vizuri." Aliijua mikono yangu kuliko ya watoto wake wote wa darasani, na uso wangu hakuujua. Punda afe, mzigo wa bwana ufike. Wakati mwingine, jembe likiwa juu, nilisikia wote ndani wanapiga kelele kwa pamoja, a, e, i, o, u, na mimi nikazisema kimoyomoyo huku nikishusha jembe. Nikamwomba ndugu yangu anifundishe. Alinifundisha mpaka ba, be, bi. Kisha mwalimu akawaambia wavulana kwamba msichana akijua kuandika ataandikia wanaume barua, na ndugu yangu akaacha. Alikuwa na miaka minane. Alilificha daftari lake chini ya mkeka, kama chakula.

Mwaka wa tano masista walikuja kutoka Kindu. Katekista alipita nyumba kwa nyumba kutangaza: sasa wasichana pia wana darasa lao, walio tayari walete, hata wa Waislamu wajaribu. Mama aliacha chungu katikati. Sikumwona tena na uso ule, si kabla wala baada. Alinipeleka asubuhi hiyo hiyo, udongo ungali kwenye viwiko vyake.

Sista alikuwa kijana, mwekundu wa jua, hakuwa mtu mbaya. Alinitazama kifua, akauliza umri, mama hakujua. Akasema nimekua mno kwa alfabeti, lakini kuna nafasi. Nafasi hiyo ilikuwa beseni. Nilifua vitambaa vya altare, nikafua kanzu za Padri, nikapiga pasi ya makaa. Siku za mvua nilishona pindo. Wasichana wadogo wa miaka sita walikuwa na ubao na chaki kwa saa moja kila asubuhi, na mimi nilipochungulia nikaambiwa, kwa upole, maji yanapoa.

Nilikaa majuma matatu bila kumwambia mama. Niliona haya. Alikuwa akiniuliza kila jioni, "Leo mulisoma nini?" na mimi nilisema a, e, i, o, u, ba, be, bi, vile vya ndugu yangu vya miaka mitatu iliyopita. Jioni moja aliniambia niandike jina langu kwenye udongo wa chungu kibichi. Alitaka chungu chenye jina. Nikachora vitu vitatu vinne. Mama hakujua kusoma, lakini mfinyanzi anajua mkono unaojua na mkono usiojua. Alinishika vidole, akavinusa. Vilikuwa na harufu ya sabuni.

Akavifuta kwa kiganja vile nilivyochora. Kesho yake, saa ambayo wanafunzi wote wapo katika shamba la pamba na masista wamepumzika, alichukua jembe lake na karai, akaenda shuleni nyuma, upande unaotazama mto. Mimi nilikuwa kwenye beseni, nilimwona. Alianza kubandua chokaa kwa upande wa jembe, polepole, kama mtu anayemenya muhogo. Nilidhani amerukwa na akili. Nilipomkaribia aliniambia, bila kugeuka, "Fua."

Alibandua sehemu kubwa. Akatokea kijiti cha mmoja, punje ya mwingine, hayo aliyaacha. Zikatokea kucha tatu peke yake, hizo za ndugu yangu. Aliziacha pia, akazipita. Alikuwa anatafuta matofali yenye dole. Aliyapata katika pembe ya chini, yamefuatana, akachokonoa udongo ulioyaunga, akayatoa moja moja, akayapanga ndani ya karai. Yalikuwa tisa. Karai likajaa, akalitia kichwani, akaenda nyumbani akiwa wima, mchana, mbele ya watu. Wanawake waliokuwa mtoni walimwona, wakainama kwenye kazi zao.

Sijawahi kumwona mtu mwingine akiiba kwa haki namna ile. Na naandika "akiiba" kwa sababu ndivyo walivyoita wao.

Padri alirudi kutoka safari, akakuta tundu la kupitisha mbuzi katika ukuta wake. Alisema ni Waislamu wamebomoa nyumba ya Mungu. Kapita aliapa hajui. Wanawake wote walijua, alama ilikuwa inasema, na hakuna hata mmoja aliyesema, hata wale ambao watoto wao walikuwa ndani. Siku nne kijiji kilinyamaza. Siku ya tano Padri aliingia darasani mwenyewe. Ndugu yangu na wenzake walikuwa wamebakiza Jumapili moja wapokee komunyo ya kwanza. Mashati meupe yalikuwa yameshashonwa, pindo nyingine nilizipiga mimi. Padri akasema anayejua na kuficha hatapokea.

Ndugu yangu alisimama, akasema, "Njo mama."

Kikulacho ki nguoni mwako. Nasema hivyo halafu najikanya, maana alikuwa mtoto, na miaka minne walikuwa wamemfundisha kwamba kusema kweli kunampendeza Mungu, na alifikiri kweli ni kitu kimoja tu. Najikanya, halafu nakumbuka tena daftari lake, aliloliandika akiwa mzee wa miaka sabini, na hakuna aliyemlazimisha chochote, na hapo sijikanyi.

Polisi wawili walikuja kutoka Kindu. Mwanamke hakupigwa fimbo. Ilikuwa sheria yao, na walijivunia sheria hiyo. Aliyepigwa alikuwa mumewe, kwa kushindwa kutawala nyumba yake. Walimlaza baba uwanjani mbele ya shule, suruali imeshushwa, yeye ambaye hata kuoga mtoni alijifunga kikwembe. Wanafunzi walipangwa mistari watazame. Masista waliingia ndani. Fimbo yenyewe ni ngozi ya kiboko iliyosokotwa, na polisi mmoja alihesabu kwa Kifaransa. Baba hakulia. Ndugu yangu alikuwa mstari wa mbele kwa sababu alikuwa mfupi. Alijikojolea.

Mama alitakiwa ayarudishe matofali akiwa ameyabeba kichwani, fimbo ikiendelea. Aliyarudisha. Fundi akayaweka palepale, na kabla ya giza chokaa ilikuwa imekauka.

Nyumbani baba alilala kifudifudi. Majirani walileta mafuta na wali, Waislamu na Wakristo, hakuna aliyekaa kitako. Nilimkuta ndugu yangu nyuma ya nyumba, nikampiga. Nilimpiga kwa ngumi na kwa magoti, sikuchagua mahali, na hakujikinga. Mama ndiye aliyenitoa. Alinishika mabega, akanitenga, akamnawisha ndugu yangu uso kwa maji ya mtungi, taratibu, masikio na shingo.

"Kesho atakwenda shule," akasema.

Nilimwambia shule ile iungue moto. Nilimwambia hawezi kumrudisha kule, walichomfanyia baba. Nilisema mengi ambayo mtoto hamwambii mama yake. Alinisikiliza mpaka nikachoka.

"Wamenyima mutoto mumoja masomo," akasema. "Miye nitawapa wawili?"

Kulipokucha alimpikia ndugu yangu wali uliobaki, akamkaza shati ndani ya kaptula, akamwonyesha njia kama siku zote. Baba alikuwa bado amelala kifudifudi, nzi juu yake. Kisha mama akaingia ndani, akatoka na jembe, akanipa bila kunitazama usoni. Ilikuwa siku ya pamba, na mstari wa ndugu yangu ulikuwa haujapaliliwa tangu wiki iliyopita.

Nikalichukua, nikaenda, nikaulima mpaka mwisho.